Mfalme Hakulala, Mutinda

Mutinda,

Kupumzika kwako wameshakuombea wengine, tena kwa sauti. Mimi dada yako nakuandikia kwa sababu nimeugundua uongo wako.

Pasta alisimama kando ya kaburi akasema ulikuwa kijana mkweli. Mama akaitikia amina. Mimi pia niliitikia, maana nilikuwa sijui. Jana nimewasha ile mashine ya gemu aliyotuletea Mjomba kutoka Mombasa, nikafungua mchezo wako pale ulipouhifadhi. Sasa najua.

Unakumbuka tulivyoanza? Maandishi yote ya Kijapani, hakuna wa kutusomea hapa kwetu Tawa nzima, tukawa tunahesabu mistari: wa tatu ni uchawi wa usingizi, wa tano ni wa sumu. Wewe ulichagua kucheza na mchawi, na mbele ya Baba tulimwita "mwalimu", maana yeye, mzee wa kanisa, angeitupa nje TV pamoja na betri yake. Mimi nilichukua askari. Likizo nzima ya Agosti nikapigana kwa upanga, nikichapwa, nikipona na mwili kuongezeka nguvu, nikichapwa tena. Wewe ukagundua kwamba adui aliyelala harudishi pigo, na sumu inaendelea kumla akiwa usingizini. Akikaribia kuamka, unamlaza tena. Basi. Majoka, majitu, wote uliwamaliza hivyo, mchawi wako hana hata mkwaruzo, huku ukinicheka. "Nguvu ni ya ng'ombe, Mwende. Sisi tuko na akili." Nilikuchukia, nakwambia bila haya.

Tukawekeana dau: atakayemshinda mfalme wa mwisho kwanza atafuta mchezo wa mwenzake. Nikaenda Kanyangi kwa shangazi siku tatu. Kurudi, ukanipokea mlangoni. "Nimemaliza! Huyo mfalme nimemlaza kama mtoto!" Ukamfuta askari wangu nikiangalia. Nililia jikoni, nikamwambia Mama ni moshi.

Wiki mbili sikukusemesha. Ya pili ndipo malaria ilipokushika, na mimi nikawa nakuwekea uji kando ya kitanda na kutoka bila neno, nikingoja uniombe msamaha kwanza. Alhamisi wakakupeleka hospitali. Hukurudi.

Na jana nimemkuta mchawi wako amesimama nje ya mlango wa mfalme. Hukuwahi kumshinda! Niliingia naye, nikahesabu mistari, nikabonyeza wa tatu. Mfalme hakulala. Nikarudia, hakulala. Katika gemu nzima ni yeye peke yake asiyelala, na wewe ulijua, shetani mdogo. Ulijua, na bado ukanifutia. Ukanifanya nikunyime sauti yangu wiki yako ya mwisho kwa sababu ya ushindi ambao haukuwako. Hilo sikusamehe leo. Usiniharakishe.

Unajua kinachoniuma zaidi? Huyo mchawi wako hawezi kustahimili kupigwa. Hakuzoea, hana nguvu yoyote mwilini. Pigo moja la mfalme, amekufa. Tangu jana nimekuona ukifa mara kumi na moja, Mutinda. Kila mara nazima, nawasha, na uko pale tena mlangoni na kofia yako ndefu, mzima, mjinga. Hospitali hawakunipa pa kuzima na kuwasha. Ile mara ya mwisho niliipigia TV kelele mpaka Mama akaja mbio, akadhani nimeungua.

Kwaheri, mwongo wangu. Ahadi yangu ni hii: leo nakurudisha msituni kwa maadui wadogo, na ule mstari wa tatu siugusi. Utachapwa kama nilivyochapwa mimi. Nitakuponya, utachapwa tena, hata kama itanimalizia likizo zote. Na siku tutakapoingia kwa mfalme, akikupiga, utabaki umesimama.

Mwende