Nyumba Tunayoivuta

Jumapili, 8 Oktoba 2006. Cedar Hill, Texas

Mimi ni mke wa mtu. Naandika tena nione kama nitazoea: mke wa Onyancha. Hii ni wiki ya tano na sijazoea. Leo kanisani amenishika mkono wakati wa matangazo, pale watu wote wanapotazama mbele, na sikusikia tangazo hata moja.

Trela limefika. Limeegeshwa nyuma ya kanisa kwa sababu meneja wa nyumba zetu hataki kuliona. Ni kubwa — Mungu wangu, ni kubwa. Kitanda kiko juu, kwenye ile sehemu ya mbele inayoning'inia juu ya pikapu. Lina jiko, meza, hata dirisha juu ya sinki. Wauzaji wanaliita fifth wheel, gurudumu la tano. Nimelizunguka nikilitafuta hilo la tano. Onyancha akacheka. Si gurudumu kabisa, ni sahani nzito ya chuma iliyofungwa ndani ya pikapu, na pini nene ya trela inaingia hapo na kujifunga. Hivyo linavutwa kutoka katikati ya gari, si kutoka mkiani, na linatulia zaidi barabarani. Alinieleza akigusa kile chuma polepole kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Namtazama nafikiri: nimepewa mtu.

Sasa sababu. Amepata contract ya unesi ya wiki kumi na tatu huko Pensacola, Florida, kuanzia mwisho wa mwezi. Ikiisha atapewa mji mwingine, halafu mwingine. Wakala wanampa chumba cha kulala wanaume wawili. Mke hana nafasi humo. Kwa hiyo ama tujifunze kulivuta hili trela, sote wawili, kwa kupokezana, ama yeye aende na mimi nikakae Houston kwa dada yake Kezia, pale Alief.

Ndoa ya wiki tano, halafu ndoa ya simu. Sitaki. Nalala nikijua ukubwa wa lile trela na bado nasema sitaki.

Jumatano, 11 Oktoba

Mazoezi nyuma ya kanisa baada ya kazi. Kwenda mbele si vigumu. Shida ni kona. Pikapu inapita vizuri, unafurahi, kumbe trela linakata kwa ndani na kupanda juu ya kila kitu. Nimepanda juu ya tuta la maua. Pasta Absalom alitoka ofisini akatazama. Akasema maua yale yalikuwa yakiomba mvua, labda hayakuomba vizuri.

Kurudi nyuma ndiko kunanitoa machozi. Ukizungusha usukani kulia, mkia wa trela unaenda kushoto.

"Fikiria unasukuma mkokoteni," Onyancha akasema.

"Sijawahi kusukuma mkokoteni."

"Basi fikiria ndoa. Unasema kulia, inaenda kushoto."

Nikampiga na kitambaa cha vumbi. Baadaye tukala chapati na ndengu kwenye meza yetu ndogo, ndani ya trela, bila kwenda popote. Magoti yetu yanagusana chini ya ile meza. Haiwezekani yasigusane. Aliyeichora meza hiyo alikuwa mtu wa mapenzi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Tulikwenda kwenye kambi ya kando ya ziwa, karibu tu, tulale usiku mmoja kama jaribio. Nafasi yetu ilikuwa kati ya miti miwili ya mwaloni, na nguzo fupi ya umeme kwa nyuma. Onyancha anaendesha kinyumenyume, mimi nimesimama nyuma nikimwongoza kwa sauti. Ilikuwa inaenda vizuri. Kisha mama mmoja mzee akapita nyuma ya trela na mbwa wake, hakutazama, akasimama kumfungua mbwa mguu uliozongwa na kamba. Pale pale, nyuma ya trela.

Nikapiga kelele: bado! bado!

Onyancha akaja. Hata akaongeza mwendo.

Yule mama alimvuta mbwa na kuanguka upande. Trela likapita alipokuwa amesimama, likagonga nguzo ya umeme. Ile sauti.

Hakuumia. Naandika tena, hakuumia. Onyancha aliruka chini, akampima mapigo, akatazama mikono na magoti yake, akaomba msamaha mara nyingi. Mama akasema ni sawa, yeye mwenyewe hakuangalia. Lakini alikuwa amemkumbatia yule mbwa na hakutaka kumweka chini.

Pembe ya trela imebonyea na taa imevunjika. Hatukulala kambini.

Jumapili, 15 Oktoba

Tumekwenda kanisani. Hakunishika mkono.

Jioni nilikuwa nakunja nguo. Akasema, "Gakii, labda tuliuze. Ukae na Kezia mara hii moja tu."

Nikasema sawa. Si sawa.

Jumatatu, 16 Oktoba

Leo asubuhi nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza, chai ikiwa mezani: kwa nini ulikuja nilipokuambia bado?

Akanitazama kana kwamba nimemtania. "Nilikuja kwa sababu uliniambia bado."

"Bado maana yake ngoja."

"Bado maana yake kuna nafasi. Njoo tu."

Chai ikapoa.

Baba yake alikuwa na lori la ndizi pale Keroka. Makuli walisimama nyuma likirudi kwenye stoo, wakiimba bado, bado, bado, yaani hujafika ukutani, leta. Wakinyamaza unasimama. Yeye alikua akiisikia hivyo. Kwetu Nkubu, bado ilikuwa ya jikoni. Ukinyoosha mkono kwenye sufuria mama anakuambia bado, na ukiendelea unapigwa mwiko. Ukisikia bado, unarudisha mkono.

Kwa hiyo nilimwambia ngoja, na mume wangu mtiifu akanitii kwa kuja.

Nimelifikiria siku nzima kazini, nikiwalisha wazee ninaowahudumia uji wao wa oti. Yeye ni Mkisii, mimi ni Mmeru. Kiswahili ndicho kilichotuoza. Ndicho alichonitongozea kwenye mazoezi ya kwaya, ndicho tunachotumia kugombana na kupatana. Nilidhani kwa vile tunatumia maneno yale yale tunasema kitu kimoja. Sasa najiuliza ni maneno mangapi mengine anayasikia kwa sikio la Keroka nami nayasema kwa mdomo wa Nkubu. Anaposema "nyumbani," je? Anaposema "tutaona"?

Nilimuuliza jioni. "Ukisema tutaona, unamaanisha ndiyo au hapana?"

Akajibu, "Namaanisha naogopa."

Jamani. Nilimpenda jana na juzi lakini leo ni kitu kingine.

Tumekubaliana: neno bado limekufa nyuma ya trela. Tuna mawili tu, njoo na simama. Na nisipoonekana kwenye kioo, gari halisogei. Amesema tujaribu tena hadi Ijumaa. Tukishindwa, linauzwa.

Jumatano, 18 Oktoba

Onyancha alimleta Mama Scholastique kutoka Fort Worth. Ni Mkongo, wa kanisa la wenzetu wa huko. Kazi yake ni kupanga matrela uwanjani kwenye ghala, kutwa nzima mbele na nyuma. Ni mfupi, amevaa kitenge juu ya suruali ya jinzi. Alikaa kando yangu ndani ya pikapu, mimi kwenye usukani, yeye na mkebe wa soda.

"Weye unaongoza kama vile unabeba mayai ya askofu," akasema. "Askofu hayuko. Twende."

Kisha akaushika mkono wangu na kuuweka chini kabisa ya usukani. Ukitaka mkia uende kushoto, mkono uende kushoto. Kulia, kulia. Mkono ukiwa chini, kinyume kinajinyoosha chenyewe. Sielewi kwa nini hakuna aliyetuambia. Onyancha naye hakujua, alisimama nje akijaribu usukani wa hewani.

"Na ukiona inaharibika?" nikamuuliza.

"Simama. Enda mbele. Anza tena. Hakuna mutu atakufunga juu ya kuanza tena."

Nikaliingiza kati ya ndoo mbili. Likapinda. Nikaenda mbele, nikaanza tena. Mara hii likaingia, likanyooka. Onyancha nyuma ameinua mikono yote miwili, kisha akakumbuka kwamba mikono juu ni ishara ya kusimama, akaishusha haraka kwa aibu.

Mama Scholastique alikataa kukaa kula. Alisema watu wa ndoa mpya wanachosha kuangalia.

Ijumaa, 20 Oktoba. Njiani

Tumetoka! Barabara ya 45, kuelekea Houston. Tumerudisha funguo za nyumba. Kila kitu chetu kinatufuata nyuma.

Yeye aliendesha hadi Corsicana, mimi nikapokea hadi Madisonville. Nilidhani nitaogopa ukubwa. Kinachoogopesha ni malori. Lori likikupita, kwanza upepo unakusukuma pembeni, halafu unakuvuta kwake, kama mtu asiyejua anachotaka. Hutakiwi kupigana nalo. Unashika usukani na kuliacha lipite. Breki unaanza kuzifikiria mapema, kabla ya sababu. Kila kituo cha mafuta unakitazama kwanza: nitaingia wapi, nitatokea wapi. Sijawahi kuishi hivyo. Mimi nilikuwa mtu wa kuingia tu.

Onyancha hakufumba jicho muda wote nilipokuwa nikiendesha. Alisema anatazama mandhari. Mandhari ya Texas ni ng'ombe na mabango. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo.

Sikumlaumu. Nami nikifumba macho namwona yule mama na mbwa wake.

Jumamosi, 21 Oktoba. Alief

Dada Kezia ndiye aliyemlea Onyancha na kumleta Amerika. Huwezi kupita Houston bila kukanyaga kwake. Barabara yake ni nyembamba, tukaliacha trela kwenye uwanja wa duka la Wanigeria, kwa ruhusa.

Alinikumbatia muda mrefu, kisha akanionyesha chumba. Mashuka mapya, ya waridi. Taa ya kusomea. Amenitafutia hata darasa la unesi msaidizi, linaanza Januari. Nilitaka kulia kwa wema wake, na nilitaka kukimbia.

Alishaambiwa habari za ziwani. Wakati wa ugali na mrenda akazitoa.

"Mke wetu," akasema — huniita hivyo, mke wetu, kama niliolewa na ukoo mzima — "wewe si mzigo wa kufungwa nyuma ya gari. Msichana amemaliza form four, ana akili. Anakwenda kukaa kwenye sanduku la bati kungoja mtu atoke zamu?"

Onyancha akatazama sahani. Bibi harusi hambishii wifi mkubwa mezani kwake. Najua. Lakini nikasikia sauti yangu.

"Dada, mzigo hauendeshi gari. Mimi naendesha."

Kezia akatafuna. "Naye huyo mama mliyetaka kumuua?"

"Yule tulimkosea kwa mdomo, si kwa mikono. Mdomo tumeurekebisha."

"Mmeurekebisha kwa wiki moja."

"Ndiyo, dada."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema tu kwamba chumba hakina miguu, nitakikuta. Kisha akabaki jikoni na kaka yake, wakizungumza Kikisii chini chini. Mimi niko kwenye mashuka ya waridi, naandika. Sisikii hata neno moja ninalolijua, isipokuwa jina langu.

Jumapili, 22 Oktoba. Baytown, kituo cha mafuta

Asubuhi, mbele ya Kezia, Onyancha alinipa ufunguo wa pikapu. Macho yake mekundu, walikesha wakizungumza. Kezia akatuombea mikono yake ikiwa juu ya boneti ya pikapu, sala ndefu, ya kila daraja hadi Florida. Baada ya amina akasema, "Mkigonga kitu tena, hata pipa la taka, huyu anarudi kwangu kwa basi."

"Sawa, dada," Onyancha akasema. Alisema kama mtu anayetia sahihi.

Nimelipitisha trela katikati ya Houston. Mimi. Jumapili magari ni machache, lakini zile barabara zinazopanda juu ya nyingine na kujikunja, trela zima nyuma yangu, nilizipita bila kupumua. Mashariki ya mji nikageuka kumwambia tumevuka. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, shingo imepinda, amelala fofofo. Mume wangu amelala mimi nikiendesha. Nilitaka kusimama katikati ya barabara nimbusu.

Nimeingia hapa kutia mafuta. Niliangalia pa kuingilia, nikaangalia pa kutokea, kama inavyotakiwa. Ila lori lililokuwa mbele yangu limezima. Dereva amefungua boneti na kuingiza kichwa. Nilimuuliza, akasema fundi anakuja, labda saa moja, labda mbili. Kushoto kuna pampu, kulia kuna nguzo za njano. Njia ni moja, ya nyuma, na nyuma watu wanapita na vikombe vyao vya kahawa kwenda dukani, hawatazami. Kuna mama ana kigari cha mtoto.

Ningeweza kungoja fundi. Hakuna atakayenilaumu. Ningeweza kumwamsha Onyancha, tubadilishane viti. Naandika ili nisichague.

Ameamka. Amelitazama lori, ametazama nguzo za njano, ametazama kioo. Ameniuliza nani anakuja kulitengeneza, nikamwambia. Ameniuliza kama naona vizuri kushoto, nikasema ndiyo. Sasa anavaa viatu.

Ameshuka. Nimeshafungua mkanda wangu nimpishe kiti. Anazunguka mbele ya pikapu, anakuja upande wangu.

Amelipita dirisha langu. Hakusimama. Anaelekea nyuma, anawaambia watu wa kahawa kitu nisichosikia, nao wamesimama. Mama wa kigari pia amesimama. Namwona mzima kwenye kioo, kuanzia kichwa hadi viatu, kamba moja haijafungwa.

Nimefunga mkanda tena.