Mbigili za Zizi la Zamani

Usevya, Jumanne, Januari 1996

Jua limewaka tangu asubuhi kama vile huu si mwezi wa mvua. Nimechoka, na leo sitajifanya jasiri.

Mvua ilinyesha mara moja, ikakata. Nyasi hazikuota. Zilizoota ni mbigili tu, pale kwenye zizi la zamani walikokuwa wakilala ng'ombe wa marehemu mume wangu. Mmea wenyewe mdogo, unatambaa chini, una maua ya njano mazuri. Hausubiri huruma ya mtu. Mbegu zake hulala ardhini miaka, zikilowa zinaamka, zinachanua na kuzaa miiba kabla udongo haujakauka. Wenyeji wanasema tulikuja nazo sisi Wasukuma, kwenye kwato za mifugo. Sibishi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kondoo nikawapeleka hapo. Mbigili zilikuwa zimeanza kunyauka, lakini kijani kingine kilikuwa wapi?

Ng'ombe walichukuliwa na wakwe. Mimi niliachiwa kondoo, na shemeji alisema wazi: wakiwepo wa kulisha watoto, nibaki, wakiisha, nirudi naye Maswa tulikotoka. Mume wangu kazikwa hapa. Sitaki kwenda.

Juzi kondoo wakavimba vichwa, masikio yakaning'inia. Shemeji akawatazama.

"Nyuki hao, shemeji. Waache juani, uvimbe utakauka."

Nikawaacha. Zizi letu ni miiba ya kuzungushia tu, paa hatujui. Jana walishinda humo kutwa nzima.

Leo kapita bwana mifugo na baiskeli. Akafunua kope za mmoja, ndani njano.

"Mama, hizi ni mbigili zilizonyauka. Zimewaharibu ini, na sasa jua linawachoma ngozi. Watafutie kivuli."

Kivuli. Na mimi niliwaanika.

Nimewaingiza ndani ya nyumba, watoto wamehamia jikoni. Wawili wamekufa kabla ya jioni. Waliobaki hawali, na pua zimepasuka. Naogopa hata kuwagusa.

Shemeji kachungulia mlangoni, akauliza magunia ya kufungia vyombo yako wapi. Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza.

Mahindi yangu yamefika vifundoni tu, na huko nako mbigili zinayazidi. Leo sikushika jembe.

Nimpalilie nani?