Kipande Kilichobaki Wazi

Jumapili, 12 Januari

Kiabakari. Mwaka wa tatu sasa tangu nitoke Mbinga. Niliaga kwamba naenda msimu mmoja.

Baada ya misa nimefunga mlango, nimevuta pazia, nimetoa sindano. Joto la bati. Jasho linadondokea kitambaa. Vidole vimepasuka kwa simenti, uzi unakwama kwenye ngozi kila ninapovuta. Nimejipaka mafuta ya mgando, nikangoja yaingie. Halafu nimemaliza jani moja la ua, kijani, mshono wa mnyororo. Limekaa vizuri. Nimeliangalia muda mrefu kuliko nilioutumia kulishona.

Nje kina mama wako kwenye mkeka wao, mbele ya mlango wa Mama Bhoke mwenye nyumba. Kila Jumapili wapo. Wengine wanadarizi, wengine wanafuma kwa kroshia. Nawasikia wanavyocheka. Kati yetu ukuta mmoja tu, na kazi ni ileile. Mimi nimejifungia kama mtu anayekula nyama Ijumaa Kuu.

Nilifundishwa na mama yangu nilipovunjika mguu, nikiwa darasa la tano. Shule sikurudi tena. Sindano ikabaki. Huku hakuna anayejua. Hata Oliva, mke wangu, hajui. Mwanaume mbeba zege akionekana anadarizi maua, amekwisha.

Kurudi Mbinga: mwezi wa sita, hizi fremu za maduka tunazojenga zikiisha.

Alhamisi, 16 Januari

Bhoke kajifungua Bunda. Mtoto wa kiume. Mama yake kalia uani bila kujificha, halafu kacheka, halafu kaunguza ugali.

Kina mama wana sheria yao. Mwenzao akipata jambo, kila mmoja anampa kitu alichokitengeneza mwenyewe. Wanaita zawadi ya mkono. Cha dukani hawakipokei. Sabina, anayeuza samaki wa Mugango, aliwahi kurudishiwa beseni jipya kabisa. Anasema beseni hilo ndilo analobebea sato mpaka leo, kwa hasira.

Mwaka jana malaria iliponilaza, Mama Bhoke alinipikia uji wa ulezi mpaka nikasimama. Nami nitampa mjukuu wake kitu. Foronya ndogo.

Jumapili, 26 Januari

Nimefanya upumbavu.

Foronya ilitoka nzuri. Maua mawili, ndege mmoja. Nimeipeleka uani nimeikunja kwenye gazeti. Mama Bhoke kaifungua mbele ya wote. Wanaipitisha mkono kwa mkono, wanageuza upande wa nyuma kutafuta mafundo. Hawajayaona.

"Nani kadarizi hii?" kauliza.

Chacha alikuwa amesimama pale na ndoo yake ya maji. Chacha ni mwenzangu wa kazini, tunachanganya zege pamoja. Alikuwa ameshasema, "Mbinga, leo unabeba foronya kama bibi harusi?" Watu walikuwa bado wanacheka.

Nikasema mke wangu. Mdomo ulisema wenyewe.

Vigelegele. Vya Oliva! Oliva ambaye hata kifungo anampelekea fundi. Sabina kasema, "Kumbe una mke mwenye mkono hivi na umemwacha huko? Shemeji, una wazimu."

Nimecheka nao. Nimerudi ndani nikakaa kitandani na viatu.

Jumapili, 9 Februari

Sasa Oliva ni mwenzao. Wanamwita mwenzetu wa mbali. Na mimi nazidi kudanganya. Nimetoa kitambaa cha kufunikia maji, "kimeletwa na mtu wa kwetu anayepita Mwanza." Nimetoa leso ya Sabina yenye samaki pembeni. Sabina kashangaa. "Kajuaje kwamba nauza samaki?" Nikasema nilimwambia kwenye simu.

Lakini raha niliyoipata wakati nashona ile leso, siwezi kuikana. Nilishona mapezi moja moja. Kazini nilibeba matofali nikiwaza rangi ya jicho. Nikichoka sana ndiyo nashonaga vizuri zaidi, sijui kwa nini. Mkono unatulia.

Halafu sifa zinakwenda Mbinga, na mimi nabaki na aibu. Nimejitakia.

Kurudi: mwezi wa sita. Au wa saba, fundi anasema msingi wa nyuma haujaanza.

Jumanne, 18 Februari

Mama Bhoke anataka kumsalimia Oliva kwenye simu. Amshukuru kwa mdomo wake. Nimesema kwetu mtandao unasumbua, mpaka mtu apande kilima. Mwanamke wa watu kaniamini, kasema basi asisumbuke kupanda.

Jioni nimempigia Oliva mwenyewe. Mtandao safi kabisa. Neema, binti yetu, ana kikohozi, kahawa imechanua vizuri. Tumeongea, kaanza kucheka. Kasema naongea kama watu wa huku siku hizi. Nikamwambia aache utani, mimi naongea kama nilivyozaliwa.

Nilitaka kumwambia habari ya sindano. Sikumwambia.

Jumamosi, 1 Machi

Mama Bhoke kamaliza jiko lake jipya. Wanasherehekea kesho, kabla Kwaresima haijaingia. Nimemaliza kitambaa cha meza. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Ukingo wote mabua ya mtama, rangi mbili. Katikati nimeweka maneno. Niliwaza sana niandike nini. Nilitaka kitu kinachofanana na pale uani. Mwisho nikaandika kilichokuja chenyewe, herufi kubwa nyekundu:

HAPA TUNACHEKAGA

Sijawahi kuipenda kazi yangu hivi.

Jumapili, 2 Machi

Nimeumbuka.

Walikitandika mezani. Walishangilia. Mama Bhoke alipitisha kiganja juu ya mtama wote, kuanzia kona hadi kona. Halafu Sabina akasoma maneno kwa sauti. Akasoma mara ya pili, polepole.

"Shemeji. Kwenu wanasemaga tunachekaga?"

Sikuelewa. Nikasema ndiyo.

"Mimi nilisoma Songea, huko huko kwenu, miaka miwili," Sabina kasema. "Kila nikifungua mdomo wananicheka kwa hiyo ga. Nilikuwaga, nilikulaga. Waliniita Ga. Mtu wa huko hawezi kuiandika hii, hata umshikie panga. Hii ni ya huku kwetu."

Ndipo nikaiona. Nilikuwa nimeishona kwa uzi mwekundu, herufi kwa herufi, siku nyingi, na sikuiona. Imeniingia mpaka mkononi. Oliva aliniambia.

Wote wananiangalia. Pale pale ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikasema mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo, kwa simu.

"Kwa simu ya kilimani," kasema Sabina.

Mama Bhoke kamkata. Kasema wali unapoa.

Hakuna aliyecheka tena. Wamenipakulia nyama nyingi kuliko wote, kama mgonjwa. Nimekula.

Jumapili, 9 Machi

Nilijificha wiki nzima. Natoka kabla hawajaamka, narudi wameshaingia ndani. Leo Mama Bhoke kaniita kwa jina la mtoto, "Baba Neema, njoo." Nikaenda.

Kwenye mkeka kuna blanketi la sufu. Vipande vya mraba vimefumwa kwa kroshia na kuunganishwa, kila mama na rangi yake. Cha Mama Bhoke ni zambarau. Cha Sabina ni kijivu kama magamba. Mama Bhoke kasema Mbinga ni baridi, wamemfumia Oliva. Zawadi ya mkono.

Nimelikunjua. Karibu na kona moja kuna kipande hakipo. Tundu la mraba, kingo zake zimemaliziwa vizuri ili zisifumuke.

Nikasema, mama, limepungua kipande.

"Tunajua," kasema Mama Bhoke.

Basi. Kageukia uzi wake. Sabina hakuniangalia. Wengine wanafuma tu, kroshia zinakwenda.

Nimelibeba ndani. Wamejua yote na wamenisuta kwa sufu. Afadhali wangenitukana. Chacha anasema kuna kazi Musoma, ukuta wa mtu, tunalala palepale. Kesho nakwenda. Sindano nimeiacha chini ya godoro.

Jumatano, 19 Machi

Musoma. Kazi ya ukuta. Mawe makubwa, fundi mkali. Tunalala kwenye banda la vifaa, upepo wa ziwa unaingia kwenye mabati.

Nililibeba blanketi. Sijui kwa nini. Najifunika, tundu linakuja begani kila ninavyojigeuza. Chacha kalichunguza.

"Wamekuibia kipande?"

"Hapana."

"Basi mbona kingo zimefungwa? Mtu kakiacha makusudi hapo. Anangojea mtu."

Chacha hajui kitu. Kageuka, kakoroma. Mimi nimebaki na kidole kwenye tundu.

Nilidhani wamenisuta. Mtu anayesuta hahangaiki kumalizia kingo. Kazi ile inachosha macho. Wameniachia nafasi, na mimi nimekimbia nayo mpaka Musoma.

Naona aibu mpya, na ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Ile ilikuwa ya sindano. Hii ni ya kuwadhania vibaya hivyo wale mama, kwamba wangenicheka wakanitupa. Walinipikia uji.

Tatizo moja. Kroshia sijui. Mama alinifundisha sindano tu. Siwezi kukijaza kipande hiki nikiwa nimefunga mlango. Nadhani Mama Bhoke alilijua na hilo pia, au labda ni bahati.

Jumapili, 23 Machi

Nimerudi Kiabakari asubuhi. Nimeoga. Nimetoka na blanketi begani, nimeenda mpaka kwenye mkeka. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, marefu, ya kuomba msamaha. Yote yamepotea.

Nikasema, "Nifundisheni kroshia."

Mama Bhoke kamwambia Sabina asogee. Sabina kasogea kidogo sana, kisha kasema, "Vua viatu, shemeji. Na ukae upande huu, unaziba mwanga."

Nikakaa. Nikasema ni mimi. Foronya, leso, kitambaa cha meza, vyote. Oliva hajui hata kimoja. Nilisema nikiangalia mkeka.

"Foronya tuliishuku siku ileile," kasema Sabina. "Ilikuwa na vumbi la simenti kwenye pindo. Tukajiuliza, huyo mke naye anajenga?"

Hapo wakacheka. Wamecheka mpaka mmoja kadondosha uzi ukabingirika hadi kisimani. Nami nilicheka, lakini uso uliwaka moto na bado unawaka ninapoandika.

Mama Bhoke hakucheka sana. Kasema kilichomuuma siyo uongo. Kilichomuuma ni kwamba alimshukuru mtu ambaye siye, na aliyestahili kushukuriwa alikuwa anapita mbele yake kila siku anakwenda kazini bila chai. Kisha kanishika mkono, kanionyesha namna ya kushika kroshia. Nashika kama mwiko wa kupigia lipu. Kaninyoosha vidole kimoja kimoja.

Chacha kapita na ndoo. Kasimama.

"Mama Neema! Leo unafuma nini?"

Nilijua itakuja. Imeniuma vilevile. Sikuinuka.

Jumapili, 6 Aprili

Nimefumua mara nyingi. Sabina ni mwalimu mbaya, anapiga mkono. Rangi yangu nimechagua ya udongo. Mara kitanzi kimekaza, mara kimelegea. Leo kimefika ukubwa wake, Mama Bhoke kakiunganisha. Kimevutika upande mmoja. Nimetaka kukitoa tena, Sabina kakataa. Kasema hivyo hivyo, Oliva atajua kipi ni cha mumewe.

Kazini wananiita Mama Neema wote sasa. Naitika. Siwezi kusema nimezoea. Jana fundi aliniita hivyo mbele ya mwenye fremu, nikatamani ardhi inimeze na koleo langu.

Lakini leo nimeshona nje, kwenye upepo. Jasho halijadondokea kitambaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Bunda, stendi. Basi la kwenda kwetu bado. Blanketi liko kwenye mfuko wa salfeti, nimekalia kidogo kona yake ili lisiibiwe.

Jana nimempigia Oliva, nikamwambia yote. Kisha kauliza, "Ule mto wa bluu uliochanika, kisha ukaonekana umeshonwa? Nilimshukuru mama mkwe kwa ule mto."

Nikasema ni mimi.

"Na yeye akapokea shukrani," kasema. Kacheka peke yake muda mrefu. Halafu kasema kola ya sare ya Neema imetoka, safari hii hampelekei fundi, ananingoja mimi.

Nimepita kumwona Bhoke hapa mjini. Mtoto kalala. Foronya ipo chini ya kichwa chake, imefuliwa mpaka ndege amepauka. Nimemwangalia, nikaaga.

Sabina kaagiza nyuzi za bluu, kwamba huku zinaishaga upesi. Mama Bhoke hakuagiza kitu. Kafagia chumba changu kabla sijatoka, kafunga dirisha, ufunguo kabaki nao.

Basi limeingia. Kurudi Kiabakari: wiki ya pili baada ya Pasaka.