Kigari cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hukuzoea kusikia maneno mengi kutoka kwangu. Miaka yote tuliyokuwa wakwe, mimi na wewe tuliongea kwa kupitia kwa binti yako Raheli, hata tukiwa tumekaa kwenye ua mmoja. Ulikuwa ukisema, "Raheli, mwulize mumeo kama ng'ombe wameshachanjwa," nami najibu, "Raheli, mwambie mama wameshachanjwa." Raheli hakuwa akihangaika kurudia, aliendelea kupepeta mtama wake. Adabu ya mkwe ilikuwa imetimia. Leo nataka nikuandikie mwenyewe, bila mtu katikati, maana jana nilikuwa nasafisha kabureta nikakukumbuka mpaka nikacheka peke yangu.

Ulikuwa huipendi ile pikipiki, mama. Niliinunua kwa Mtaliano aliyekuwa akisimamia ujenzi wa daraja, siku alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao. Mimi nilikuwa bwana mifugo, natoka Misigiri kwenda vijijini kuchanja ng'ombe, na baiskeli ilikuwa imenimaliza magoti. Pikipiki ile ilikuwa na tangi jekundu lililopauka kwa jua, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetwanga kwa haraka. Mkoa mzima tulikuwa watu wachache wenye pikipiki za namna ile. Selemani, mtoto wa wafanyabiashara wa Singida mjini, alikuwa na yake, na Mwalimu Yohana wa Kintinku alikuwa na yake. Watu walituita Wataliano. Jumamosi moja moja tulikutana uani kwa Selemani, tukazifungua, tukazifunga, tukaazimana plagi na pete za injini. Vipuri havikuwepo dukani, kwa hiyo mwenye kimoja alikuwa nacho kwa niaba ya wote. Raheli alisema tunazipenda kuliko wake zetu. Wewe ulimwambia, "Mwambie mumeo chuma hakizai."

Kisha mkahamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Nduguti. Nyumba zilijengwa kwa mstari, zote sura moja, milango inatazama upande mmoja. Hapo ndipo tulipogundua. Siku moja uliingia kwenye nyumba ya jirani, ukakaa, ukaanza kuchochea moto, na mwenye nyumba akabaki amesimama mlangoni haelewi. Kule mlikotoka ulikuwa unaijua njia kwa miguu, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba macho yako yalikuwa yameshaingia ukungu. Raheli aliponieleza nilikutazama kwa mbali ukitembea, umenyoosha mkono mbele kama mtu anayetafuta ukuta.

Habari zikatufikia kwamba hospitali ya misheni kule Singida imepata daktari mgeni anayetoa mtoto wa jicho, na kwamba hatakaa sana. Gari la kutoka kwenu lilikuwa lori la mazao tu, nalo lilikuwa limelala juu ya mawe linasubiri magurudumu. Nikamwambia Raheli nitakupakia mimi. Jibu lako lilirudi kabla hajamaliza kusema.

"Nikae nyuma ya mkwe wangu nimshike kiuno? Bora nizikwe na macho yangu haya."

Na ulikuwa na haki. Mimi mwenyewe nisingeweza. Mkwe ambaye nikikutana naye njiani natoka nje ya njia nimpishe, leo anishike kiuno mpaka Singida? Nilikwenda mjini kuwaeleza wenzangu, nikidhani watanicheka. Selemani alikuna ndevu, akasema, "Kwetu pia mama mkwe ni mtu mzito. Basi tusimpakie. Tumjengee."

Tukakujengea kigari cha pembeni, mama. Fremu ilikuwa ya kitanda cha chuma, gurudumu lilitoka kwenye pikipiki mbovu iliyokuwa inafuga kuku uani kwa Selemani, na mwili ulikuwa wa pipa lililopasuliwa katikati. Fundi wa kuchomelea alituuliza tunajenga nini, Yohana akamjibu, "Heshima." Ndani tuliweka ngozi ya ng'ombe na mto alioushona mke wa Yohana. Siku ya kujaribu Yohana alikaa yeye, na mimi nilikuwa sijajua kwamba kigari kinavuta kushoto. Tulimwokota mtaroni, mto ukiwa bado mikononi mwake. Alisema unakalika vizuri.

Ulipokuja kukipapasa kwa vidole, ukauliza kupitia kwa Raheli, "Kati yangu na yeye kuna nini?" Raheli akakwambia kuna chuma. Ukaifunga khanga kwenye hicho chuma iwe pazia, ndipo ukapanda. Raheli hakuweza kuja, alikuwa ananyonyesha mapacha wetu. Hivyo tukaondoka wawili, hatuna wa kupitia.

Wewe ukapata njia. Tulipokuwa tunakaribia Iguguno nikasikia nyuma ya khanga, "Ewe pikipiki, mwambie anayekuendesha apunguze, meno yangu yanagongana." Nikasema, "Pikipiki, mwambie mama nimesikia." Tukaenda hivyo mwendo mrefu, pikipiki ikipokea salamu za pande zote mbili.

Tulipokwishatoka Iguguno ndipo waya wa mafuta ulipokatika, ule unaotoka mkononi kwa dereva kwenda kwenye kabureta. Injini ilikuwa inanguruma pale pale, haiongezi, haiendi. Nilifungua, nikaona umekatika karibu na mpini, na wa akiba sina, aliyekuwa nao ni Yohana na Yohana yuko Kintinku. Jua lilikuwa kali, barabara haina mtu. Nilizima injini. Pikipiki ikanyamaza, na hapo hapakuwa na wa kumtuma tena.

"Mama," nikasema. Ndilo neno la kwanza nililokuambia moja kwa moja.

Kisha ukasema, "Sema, baba."

Nikakueleza. Kipande cha waya kilichobaki kwenye kabureta kinatosha kufungwa kamba. Kamba ikivutwa, mafuta yanaongezeka, ikilegezwa, yanapungua. Mimi mikono yangu yote ni ya usukani, maana kigari kinavuta. Mtu wa kuvuta ni wewe.

"Nishike wapi?"

Ulichana pindo la khanga ya pazia mwenyewe, nikalifunga kwenye waya, nikakupitishia ncha kwa upande wa chini mkono usiguse mkono. Nikapiga kiki. Mara ya kwanza ulivuta kama unavuta ndama kutoka tumboni mwa ng'ombe, tukaruka nusura tuingie kwenye miiba. Mara ya pili ulivuta taratibu, ukaisikiliza, na tukaondoka laini kabisa. Nikawa nakuita na wewe unaitika.

"Mama, vuta, kuna mlima."

"Navuta."

"Mama, legeza, kuna ng'ombe mbele."

"Siwaoni."

"Mimi nawaona."

"Basi wewe ona, mimi nivute."

Tuliposhika tambarare nilisema legeza, hukulegeza. Nilisema tena. Nikasikia unacheka nyuma ya ile khanga iliyochanika, kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumbani kwako, na upepo ukakichukua. Nikaacha kusema.

Tuliingia uani kwa Selemani vumbi limetufanya rangi moja. Akaangalia kamba, akaangalia mkono wako, akauliza, "Shikamoo mama. Sasa dereva hapa ni nani?"

"Wawili," ukajibu.

Hospitali walikutoa mtoto wa jicho, na mdogo wako anayeishi pale mjini ndiye aliyekuuguza. Mimi nilingoja nje siku walipofungua bandeji, maana ndani si mahali pangu. Akaja kuniita, akasema mama anakuita. Nilifikiri amekosea. Nikasimama mlangoni nikitazama sakafu. Ulikuwa umevaa miwani mizito ile, macho yamekuwa makubwa, ndivyo mdogo wako alivyonieleza baadaye.

Ukasema, "Miaka yote hii sijawahi kuiona sura yako. Kwanza kwa adabu, halafu kwa macho mabovu. Acha nikutazame mara moja tu. Halafu tutarudi kwenye adabu yetu."

Ukanitazama. Sijui ni kwa muda gani. Kisha ukasema, "Haya, nenda," nami nikaenda nje nikajifanya nakagua matairi.

Tuliporudi kijijini, mwenyekiti alikuwa ameshaanza maneno yake, kwamba pikipiki ya mtu mmoja ni ujamaa gani. Ulimjibu ukiwa bado umekaa kwenye pipa, "Imenibeba mimi, na mimi ni wa kijiji. Wewe ulikuwa wapi?" Mwezi uliofuata alipanda yeye kwenda kikaoni Kiomboi, akauliza kama huo mto unaweza kuongezwa pamba. Wewe uliendelea kupanda hata wakati mabasi yalipokuja. Jumamosi za Wataliano ulikaa chini ya veranda ya Selemani na miwani yako, ukichambua mchele na mke wake, na injini ikiwashwa ulisema, kupitia kwa yeyote aliye karibu, "Mwambieni hiyo bado ina kikohozi." Wakati mwingine ilikuwa nacho.

Selemani ametutangulia. Yohana yupo, haoni haya kunipigia simu kuulizia plagi. Vijana wa siku hizi wananiambia nikiondoe kigari, pikipiki itapendeza zaidi. Nawasikiliza tu. Naiwasha kila wiki, na wajukuu zako wanapigania kukaa ndani.

Mimi sikukutazama siku ile, mama, wala siku nyingine yoyote, mpaka tulipokuzika. Lakini Raheli sasa amefikia umri wako. Wote waliokujua wanasema ni wewe mtupu, paji la uso, kidevu, hata namna ya kukaza midomo akitaka kucheka. Asubuhi ananiletea uji, namshika mkono kidogo asiondoke. Ananiuliza, "Unatazama nini wewe mzee?" Namwambia kaa, bado sijamaliza.

Pumzika salama.

Mkweo,
mume wa Raheli