Uwanja Uliponyamaza

Brooklyn Park, Minnesota
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa yaya Roselida, dada yangu wa tumbo moja,

Mulembe, yaya. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na hayo yalikuwa mabaya hata kabla sijapanda ndege. Natumaini barua hii itakukuta kikohozi kimekuachia mbavu na yule ng'ombe mweupe amezaa salama. Hapa miti imebaki mifupa na baridi imeanza kung'ata masikio. Mwanangu Lynette anakusalimu sana. Yuko kazini, kule anakowaosha wazee na kuwapa dawa.

Usicheke mwandiko wangu. Wewe baba alikupeleka shule mpaka darasa la nne, mimi alinipeleka kwa ng'ombe. Herufi hizi amenifundisha Peris wa kanisani uzeeni, na barua hii nimeiandika siku tisa. Ningekupigia, lakini simu yako unaiweka spika boma zima lisikie, na haya si ya boma. Peris anakuja huko wiki ijayo, ataitia mkononi mwako.

Ulinitumia maneno mawili. La kwanza uliuliza mbona mwaka jana nilisema besiboli imenitoka moyoni, na sasa Lynette anakwambia nimeirudia. La pili ulisema Wanjala wako bado anampiga mke wake, juzi amemng'oa jino, lakini mama haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, basi wewe unakaa jikoni na redio yako. Yaya, hayo mawili ni jambo moja. Keti nikueleze.

Mchezo huu nilitiwa na Ken, mume wa Lynette. Unajua mkwe ni mkwe hata ng'ambo ya bahari. Hatukushikana mkono, hatukuketi chumba kimoja. Nikisikia viatu vyake naingia chumbani kwangu. Lynette akaniwekea televisheni ndogo humo. Ken sebuleni, mimi chumbani, ukuta mmoja katikati, mchezo mmoja. Kwa kuwa hakuweza kusema na mimi, alisema na ukuta. Aliuambia unieleze kwamba mwenye rungu akikosa mara tatu anakwenda kuketi na aibu yake. Nami niliuambia ukuta kwamba huyo anapiga kama anayefukuza inzi, sijui mama yake alimnyonyesha maji ya mboga. Ukuta ulicheka mpaka ukakohoa. Mpira ukiruka ua wa uwanja, yeye aligonga mara moja, mimi nikagonga mara mbili. Oktoba, zikifika fainali za ubingwa, hatukukosa hata jioni moja. Nilipenda kuona mtu anatupiwa kitu kigumu kama jiwe, rungu analo mkononi, na bado kila mmoja anarudi kwake na kichwa chake. Mwaka wa tatu Ken aliniachia mlangoni rungu lenyewe, la mti mweupe, limefungwa utepe. Yaya, nilimpenda yule kijana. Sitaandika uongo.

Oktoba ya mwaka juzi ndiyo ilileta mambo. Hadithi unayoijua, ile wanawake wa kanisa wanayoipigia makofi, ni hii. Lynette alikuwa ameongeza zamu kazini. Ken akamwambia hakuna mzee anayeoshwa saa kumi na sita kwa siku, labda ni yeye anayeoshwa huko. Jioni ya mchezo wa tano nilimsikia mwanangu akiniita mama yake, Mayi. Nikashika rungu, nikavuka mlango wa sebule ambao sijawahi kuuvuka Ken akiwemo. Alikuwa amemwekea goti mgongoni, nywele zake amezizungusha kwenye ngumi, anamgonga uso kwenye mguu wa meza. Zulia lilikuwa limelowa. Nilimpiga mkono, na mfupa ulilia kama muhogo mkavu. Akageuka. Miaka mitano ndani ya nyumba moja, na ndiyo mara ya kwanza kutazamana machoni. Akasema, Mama. Nilimpiga mara ya pili, begani, kwa sababu ameniita mama. Pigo la tatu nilikuwa nimeliinua kwa ajili ya kichwa. Lynette akaning'ang'ania mguu kwa mikono yake yenye damu, la sivyo ningekuandikia kutoka gerezani.

Polisi walimchukua. Leo anakaa Anoka na mkono usionyooka, na mahakama imemkataza kutukaribia. Wazee wake wanadai mbuzi kwa kuwa nimemgusa mkwe.

Mwaka jana Oktoba ilipofika, Lynette aliniwashia televisheni. Niliposikia watu wa uwanja wakinguruma nilitapika kwenye beseni la nguo. Nikasema mchezo umenitoka. Wote wakasema masikini, anakumbuka rungu. Nikawaacha waseme.

Si rungu, yaya. Mchezo wa tano haukuwa wa kwanza. Mchezo wa pili nilisikia kofi, na kiti kikianguka. Nilichukua rimoti nikaongeza sauti kutoka kumi na tano mpaka thelathini. Mchezo wa tatu nilisikia mateke. Nikaweka arobaini na tano. Nilijiambia mambo ya mkwe hayaingiliwi. Na nikatazama. Mpira uliruka ua nikafurahi, mkono ukainuka kugonga ukuta, nikaurudisha. Mchezo wa tano nilifika sitini, dirisha linatetemeka. Hapo mtupaji akampata mwenye rungu usoni. Mpira ulimwingia chini ya jicho, akaanguka kama gunia, na uwanja mzima ukanyamaza. Watu elfu arobaini, kimya. Ndani ya kimya hicho ndimo nilimomsikia Lynette. Sauti ilikuwa imekauka. Haikuwa mara yake ya kwanza kuniita.

Asingepigwa mtu yule, ningekaa mpaka mwisho wa mchezo.

Unajua nilijifunza wapi. Baba alipomshika mayi wetu kwa mkanda, nyanya yetu, kukhu, alitusukuma mimi na wewe kwenye jiwe la kusagia, akasema sageni wimbi, sageni kwa nguvu. Tukasaga. Ugali wa siku zile ulikuwa laini kuliko wote.

Mwezi uliopita Lynette aliingia chumbani kwangu na sahani mbili, akataka tutazame fainali. Niliwasha bila sauti. Akanitania kwamba besiboli isiyo na watu ni kama matanga ya mchawi. Nikashindwa. Nilimwambia yote, hata namba. Hakunitazama. Alisema anajua. Alisema alilala na shavu kwenye zulia akiwasikia watu wa uwanja wakiongezeka ukutani kila alipoita. Miaka miwili alijua, na alinipikia. Aliweka sahani chini akaenda kazini, nami nikafunga sanduku langu.

Kesho yake jioni alirudi, akaliona sanduku, akalisukuma kwa teke chini ya kitanda, akauliza nani anapiga. Akachukua rimoti, akaweka kumi na tano. Tulitazama hivyo mpaka mchezo wa mwisho. Rimoti hajanirudishia mpaka leo. Kama amenisamehe hajasema, nami sijauliza.

Sasa Wanjala. Siku utakayosikia tena, zima redio. Usingoje uwanja unyamaze, kwako hapana uwanja. Chukua mchi, ingia. Mpige mkono, usimpige kichwa. Mimi nilikikaribia na najua kinavyoita. Wazee watakuja na maneno ya mama kuingia nyumba ya mwanawe. Yule mbuzi wangu mwekundu wape kwa ajili ya Ken. Wa kwako nitamnunua mimi, tena mnono, na wakila waambie kila mbuzi ni wa nini.

Msalimu mke wa Wanjala kabla hujamsalimu mtu mwingine yeyote, na salamu hizo mpelekee ndani ya nyumba yake. Ng'ombe akizaa jike, mpe jina langu. Nakushika mikono yote miwili, yaya, ile ile iliyosaga na yangu.

Dada yako,
Dinah Nelima