Sharti la Shangazi Evelina

Kiseke, Mwanza

Shangazi Evelina, shikamoo.

Kuku uliyenipa ametotoa vifaranga tisa! Na jana nilitetea tasnifu yangu ya udaktari, ile hesabu ya kutafuta njia nafuu ya kupitisha nguzo za umeme. Nimefaulu, Shangazi!

Najua bado una kinyongo. Siku ulipong'oa vigingi vyangu vya kuonyesha nguzo zitakaposimama hapo Kamanga nilinuna, nikaondoka bila kugusa uji wako. Kompyuta ilisema pale ni uwanja mtupu. Kumbe picha ya setilaiti ilipigwa siku za mbalamwezi, wakati wavuvi hawaendi ziwani kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa, hivyo hapakuwa na dagaa wa kuanika. Na mimi niliyekulia kwenye dagaa hao nikasahau! Nisamehe.

Basi nikaongeza sharti kwenye hesabu: nguzo zisiguse uwanja wa kuanikia. Zimeongezeka nguzo nne tu. Nikaliita Sharti la Evelina.

Jana profesa mmoja akauliza, "Huyu Evelina anafundisha chuo gani?"

Nikamjibu, "Yuko Kamanga, anaanika dagaa."

Akaandika hivyo hivyo kwenye daftari lake.

Jumamosi navuka na kivuko cha asubuhi. Ule uji nitaunywa wote.

Mwanao mkaidi,
Wilhelmina