Mgeni Aliyelipia Nyumba ya Mkwe

Nyamira,
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa mdogo wangu Orpah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani, wewe na shemeji na wajukuu wote hapo Masimba. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokupa usiiweke kabatini kama pambo, ipake. Huku sisi hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, chai imechipua mpaka wachumaji wanalalamika, na mimi mwenyewe ni mzima wa mwili. Moyo ndio una habari zake, na ndizo hizi nakuandikia.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu yako wewe hupokelewa na yeyote aliye jikoni, tena kwa spika. Barua hii anakuletea Momanyi, yule mnunuzi wa ndizi, na nimemwapisha akupe mkononi. Isome peke yako. Nimeandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu shule ya bweni, na nina hakika wajukuu wako na Sheng yao watachoka kabla ya ukurasa wa pili.

Unakumbuka siku ile mwezi wa tatu Sheila wangu na mumewe Ouko walipotuketisha hapa sebuleni. Walitueleza kwamba ile nyumba yao ya Diani, waliyoinunua kwa mkopo wa benki ili waipangishe wageni wa likizo, inataka matengenezo, na benki haitawaongezea kitu bila dhamana. Wakaomba hati ya shamba la chai alilotuachia baba. Ouko alifungua kompyuta yake akatuonyesha kwamba kodi ya wageni inalipa mkopo, inamlipa mlinzi wa nyumba, inalipa maji na stima, na bado inabaki. Sheila alikuwa anamtazama kama mtu anayesikiliza mahubiri. Wewe ukaniambia kwamba mimi ndiye mwalimu, nikisema ndiyo, nawe utatia sahihi. Ulinitwika mzigo, Orpah! Hati ina majina yetu mawili. Kama kodi ile haitoshi, benki itakuja kuchukua chai iliyotusomesha, na wa kulaumiwa ni mimi.

Nikaamua kwenda kujionea. Lakini nitalala wapi? Unajua chinsoni zetu. Mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake, wala haoni kitanda chake. Na hao watu wa ziwani wa kina Ouko wana mwiko uo huo, tena wao ni wakali kutushinda. Niliwaza wiki tatu nzima. Mwishowe nikajiambia kwamba nyumba ya kupangisha ni ya anayelipa, na anayelipa ni mgeni, na mgeni hana mkwe. Sheila alikuwa ametuma picha ya kibao cha nyumba kwenye kundi la familia, na namba ya simu ya mlinzi, Mtaita mmoja anayeitwa Thadeus. Nikampigia. Nikampa jina ambalo si langu, nitakutajia mbele, nikatuma pesa za siku nne kwa M-Pesa kwenye namba ya malipo aliyonisomea. Kanisani nikawaambia naenda Nairobi kutibiwa macho. Waliniombea macho yangu kwa bidii, Mungu anisamehe.

Sasa sijui nianzie wapi. Wewe na mimi tumeliona ziwa pale Kisumu. Sahau ziwa. Nilishuka ngazi za nyumba ile, nikainua macho, na maneno yakaniisha, mimi niliyefundisha insha miaka thelathini na moja. Sisi tumezaliwa mahali ambapo jicho likitoka mlangoni linagonga kilima cha jirani, na migomba yake, na moshi wa jiko lake. Kule hakuna cha kugonga. Jicho linaenda tu. Nilishika kichwa kwa mikono miwili nikasema, Nyasae, Mungu wangu, kumbe ulikuwa na hii yote na hukutuambia!

Asubuhi ya pili nilitoka nikakuta maji hayapo. Yameondoka kabisa, pamebaki mchanga na mawe, na watu wanatembea palipokuwa na bahari jana. Nilimwita Thadeus kwa ukelele nikidhani limetokea balaa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akanieleza kwamba maji yamekupwa, na kwamba mchana yatarudi, akanitajia na saa. Nikamwambia sawa, tutaona. Nikaketi na saa yangu ya mkononi kama msimamizi wa mtihani. Na yakarudi, Orpah! Yakarudi kwa saa ile ile, bila kuitwa na mtu, yakajaza pale pote polepole mpaka yakaniloesha miguu. Nililia. Mwanamke wa miaka sitini na sita, viatu mkononi, analia mbele ya watalii.

Lakini sikuwa nimeenda kulia. Nilipofungua mlango wa jikoni, bawaba ilibaki mkononi mwangu, imeliwa na kutu. Thadeus akasema ile ni ya mwaka jana tu. Alinieleza kwamba chumvi husafiri na upepo, na hakuna chuma kinachoiweza. Akanionyesha feni zilizokwama, friji ya pili kununuliwa, na makuti ya paa yanayotaka kuezekwa upya. Bahari ile iliyoniliza ndiyo inayoitafuna nyumba, na haina haraka. Kisha nikaomba kitabu cha wageni. Krismasi kimejaa, Pasaka kimejaa, Agosti kimejaa. Katikati ni kurasa nyeupe. Tangu Pasaka, mgeni aliyeandikwa ni mimi peke yangu.

Siku ya tatu ndipo mambo yaliponigeukia. Thadeus alikuwa ameniletea kamba na ngisi, nami nilikuwa natafuta njia ya kuvikataa bila kumuudhi. Nikaingia jikoni nikakuta vimeondolewa, na mahali pake pana samaki mkubwa wa magamba, amepasuliwa vizuri na kuoshwa. Thadeus akaniambia kwamba mwenye nyumba amefika asubuhi hiyo kutoka Nairobi, na ameagiza kwamba mgeni huyu hali kitu cha baharini kisicho na magamba. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kule kwamba mimi ni Msabato. Ndipo nilipokumbuka, mjinga mimi, kwamba mdomoni unaweza kujiita upendavyo, lakini M-Pesa humfikishia mwenye simu jina lililo kwenye kitambulisho. Na namba ile ya malipo aliyonisomea Thadeus ilikuwa ya Ouko.

Nilijifungia chumbani nikajifunika leso kichwani. Ouko hakuingia ndani. Alileta kiti barazani, akakaa chini ya dirisha langu, amenipa mgongo, uso kwa bahari. Akasalimu. Aliniita mgeni. Akauliza kama mgeni amefika salama na kama maji ya kuoga yanatoka. Nami nikajibu kama mgeni. Halafu ulimi wa ualimu ukanizidi nguvu. Nikamwambia kwamba mimi na ndugu yangu tunafikiria kununua nyumba kama hiyo, na tungependa kujua kwa mwenye uzoefu, je, kodi inatosha gharama?

Alicheka kidogo. Kisha akasema yote. Kwamba haitoshi, na haijawahi kutosha hata mwaka mmoja. Kwamba Desemba ndiyo inayowadanganya watu, unaona nyumba imejaa unazidisha mara kumi na mbili, na ndivyo yeye alivyofanya hesabu zile za kwenye kompyuta. Kwamba kwa miaka miwili mshahara wake unaingia katika nyumba ile, na juu yake ana mkopo wa sacco ambao mkewe haujui. Alisema mke wake anaipenda nyumba hiyo kuliko kitu chochote walicho nacho, na kila akijaribu kumweleza, mdomo unamkauka, maana siku ya posa kuna mtu mzima alisema mbele ya watu wote kwamba watu wa ziwani wanapenda fahari isiyo na msingi.

Mtu mzima yule ni mimi, Orpah. Ulikuwapo. Nilisema, watu wakacheka, nami nikajiona hodari. Kijana wa watu amelibeba neno langu miaka tisa.

Kisha akamwomba mgeni jambo moja. Kwamba iwapo katika safari zake atakutana na mama wawili wenye shamba la chai kule Nyamira, awaambie wakatae. Wasitie sahihi hata wakibembelezwa. Yeye alishamwahidi mkewe na hana pa kurudi, lakini wao wakikataa, ataiuza nyumba sasa, kabla benki haijaiuza, alipe madeni, na chai ya wazee itabaki salama. Akainuka, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Nami nilikaa nyuma ya dirisha lile nikimheshimu mkwe wangu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Sasa sikiliza ungamo langu, na ukasirike ukitaka. Jina nililompa Thadeus ni lako. Katika kitabu kile imeandikwa Orpah Nyakundi, wa Masimba, siku nne. Nililitaja bila kufikiri, ndilo lililokuwa karibu na ulimi. Lakini sasa naona ndilo litakalotuokoa. Mimi nikikataa, Sheila atasema mama bado anamchukia Ouko, na maneno yangu ya siku ya posa yatamthibitishia. Nitampoteza mwanangu. Wewe hukusema neno baya siku ile, wewe ulicheza mpaka kiatu kikakatika.

Jumapili ijayo watakuja na karatasi za benki. Sema ulikwenda wewe, kwa siri, ukalipa kama mgeni, ukalala, ukaona. Ndiyo maana nimekuandikia bahari yote hiyo, usije ukaulizwa ukababaika. Najua nawe ni mama mkwe kwake, na watu watasema umevunja chinsoni. Nakuomba uibebe aibu hiyo kwa ajili yangu. Kisha useme hutii sahihi, na usibadilike. Sheila atalia. Ouko atainamisha kichwa kama mtu aliyepigwa. Usimwonee huruma mbele ya mkewe, wala usinitazame mimi. Ni yeye aliyetuomba tumpige.

Mwambie shemeji mbegu zake za maharagwe nimeziweka tayari, na uwabusu wajukuu. Ukimaliza kusoma, itie barua hii motoni. Mungu akulinde mpaka tuonane hiyo Jumapili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukutesa,

Nyamoita